Wanne wa Mstari wa Mbele Hawatoshi: Jumamosi ya Raga Mwanza

Tulikwenda mapumziko tukiongoza 17 kwa 8. Filimbi ya mwisho ilipolia ilikuwa 17 kwa 22, na kipindi cha pili kizima hatukuongeza hata pointi moja. Waliokuwa wamekaa juu ya mawe nyuma ya goli walisema vijana wameishiwa pumzi. Pumzi ilikuwepo. Kilichoisha ni propu, na kiliisha dakika ya 51, namba 3 wetu alipoinuka kwenye raki, lile rundo la kugombea mpira ulio chini, ameshika bega la kulia, mkono umening'inia.

Kwa wanaotufuata ila hawajawahi kuingiza kichwa kwenye skramu, ule msukumano wa timu mbili zikigombea mpira: timu ya watu 15 ina fowadi 8 na mabeki 7. Wale 8 ndio wanaosukumana, na mstari wao wa mbele ni watu 3: propu wa kushoto namba 1, huka namba 2, propu wa kulia namba 3. Winga ukimhamisha upande ataona tofauti ndogo tu. Propu ukimhamisha umempa kazi nyingine kabisa. Namba 1 kichwa chake kinabaki nje, anabeba kwa bega moja. Namba 3 kichwa kinazama katikati ya propu na huka wa wapinzani, na mabega yote mawili yanakula mzigo. Ndiyo maana huku kwetu namba 3 huitwa nguzo, na nguzo haiazimwi kwa jirani siku nyumba inapoanguka.

Sheria za mchezo zenyewe zinahesabu watu hawa kwa idadi. Ukiandikisha wachezaji 15, lazima 3 wawe wamefundishwa kucheza mstari wa mbele. Ukiandikisha 16 hadi 18, wawe 4. Kuanzia 19 hadi 22, wawe 5, na ukifikisha 23, wawe 6. Sisi tulikuwa 18, tuna wanne. Kwenye karatasi ya refa tulikuwa safi. Uwanjani tulikuwa na propu wa kulia mmoja tu, na aliyebaki benchi ni wa kushoto aliyesema, kama wanavyosema vijana wote wakitaka kuingia, kwamba upande wowote kwake ni sawa.

Haukuwa sawa. Skramu ya kwanza ilianguka, refa akairudia. Ya pili ikaanguka, penalti. Wageni hawakuhangaika kulenga goli. Walipiga mpira nje mita 5 kutoka mstari wetu, wakaurusha wenyewe, wakajikusanya kwenye moli, kundi linalosukuma huku mpira ukiwa mkononi, na kututembeza hadi ndani. Trai, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wetu wa goli, na mkwaju wake, 17 kwa 15, dakika ya 58. Dakika ya 63 skramu ikaanguka tena upande uleule na refa akatoa kadi ya njano: dakika 10 nje.

Hapa ndipo wengi wa mashabiki, na baadhi ya wachezaji wetu wenyewe, hawakuelewa kilichotokea. Namba 3 wa kwanza ameumia, wa pili yuko nje kwa kadi, na hakuna mwingine aliyefundishwa. Refa hana hiari: anaamuru skramu zisizo na kusukumana. Inaonekana kama nafuu, sivyo? Ila sheria inataka skramu hiyo iwe na watu 8 kila upande hata kama umebaki na 14. Ukitoa 8 kwenye 14 unabaki na mabeki 6 dhidi ya 7, na kila anayejua kuhesabu anajua mpira utapelekwa wapi. Dakika ya 66 waliutoa kwenye skramu, wakapiga pasi tatu kwenda upande wetu wa kushoto, na winga wao akakimbia mita 30 bila kuguswa. Mkwaju ukaingia. 17 kwa 22.

Kwenye msimamo wa ligi tulipata pointi 1 ya kufungwa kwa tofauti isiyozidi 7. Tungepata trai ya nne tungekuwa na 2. Haya tutayarudia chini.

Sasa, kiwiko. Ukitaka kujua skramu itaangukia wapi, usiangalie miguu wala usisikilize kelele. Simama alipo refa na uangalie kiwiko cha propu. Mkono wa kulia wa namba 3 unapita nje ya mkono wa mpinzani na kushika jezi mgongoni au ubavuni. Si mkono wa jezi, si ukosi. Kiwiko kikiwa usawa wa bega, kifua kinabaki juu. Mtu akichoka au akikosa nafasi ya kushika vizuri, kiwiko huanza kuangalia chini; kikiangalia chini, bega linakifuata, na baada ya bega ni pua mchangani. Kijana wetu wa akiba alikuwa anashika karibu mno, kwenye kwapa, kwa sababu upande wa kushoto amezoea mkono wake uwe ndani. Kwa hiyo kila mzigo ulipoingia, kiwiko kilikuwa kimeshaelekea ardhini. Hakuwa anaangusha makusudi. Refa hajali nia, na ni haki yake.

Jambo la pili ni jezi. Jezi nyepesi za mpira wa miguu zinateleza na kuchanika. Ukishika, unabaki na kitambaa kilichovutika urefu wa mkono, na skramu inakuwa haina kiungo. Fowadi watafutiwe zile za mitumba za pamba nzito, ambazo ukipita soko la Mlango Mmoja asubuhi mzigo unapofunguliwa huzikosi. Zinapasha joto, ndiyo, lakini zinashikika. Mabeki wavae wanachotaka.

Namna ya kumfundisha propu wa kulia ni hii, na tunaiandika kwa hatua kwa sababu tuliwahi kuziruka na tumelipia.

Aanze peke yake, mikono na magoti chini, mgongo bapa kama meza. Ainue magoti sentimita chache, abaki hapo sekunde 10, kidevu kisiguse kifua, macho yakitazama mbele kwa juu. Mabega yasiwe chini ya nyonga hata mara moja. Hiyo ni sheria, na ndiyo inayolinda shingo. Miguu isimame chini ya nyonga, magoti yakiwa yamekunjwa zaidi ya ya mtu aliyesimama lakini yasifikie pembe mraba. Ukipeleka miguu nyuma mno unakuwa kama ngazi iliyoegemezwa: ikiteleza imeteleza yote. Ukiileta karibu mno unakunjwa. Njumu zote ziume ardhi, siyo ncha za vidole tu.

Akishaweza hapo, mpe mwenzake wa uzito unaokaribiana, mmoja kwa mmoja, bila kusukuma: kuinama, kushika, kuingia, kukaa sekunde 10, kuachia taratibu. Refa wetu huita kwa sauti tatu, krauchi, baindi, seti, na mazoezini lazima ziitwe hivyohivyo na kwa mwendo uleule, maana anayezoea kuingia bila kuitwa ataruka kabla ya wakati na kuzawadia wapinzani mpira. Kisha watatu kwa watatu, watano kwa watano, na nane kwa nane mwishoni. Mazoezi ya shingo yafanyike kila siku ya mazoezi: mwenzako anakuwekea kiganja kwenye paji la uso, wewe unakataa kusogea sekunde 10, kisha kisogoni, kisha kushoto na kulia. Mizunguko mitano. Hayaumi, hayapendezi, na kila mtu huyatoroka.

Kwa kasi yetu ya mazoezi mara mbili kwa wiki, mtu mwenye mwili tayari anahitaji wiki sita hadi nane kabla hujamwandika kwenye karatasi kama mtu wa mstari wa mbele. Kumwandika kabla ya hapo ili idadi itimie ni hatari, na hatulisemi hili kwa kumlenga yeyote. Skramu ikianguka juu ya shingo isiyoandaliwa, hilo si suala la pointi tena.

Mtu mwenye mwili tayari anapatikana wapi Mwanza? Kila mtu anayeanzisha timu hapa hufikiria jambo lilelile: wabebaji wa Mwaloni, pale Kirumba, wanaoshusha magunia ya dagaa na mizigo ya samaki. Wazo ni zuri kwa nusu. Miguu ipo, mgongo upo, na ubishi upo wa kutosha kuuza. Lakini mbebaji anabeba wima. Shingo yake imezoea kukakamaa chini ya mzigo unaomkandamiza kutoka juu, na akielemewa anatazama anapokanyaga. Kwenye skramu mzigo unatoka mbele, na kutazama chini ndilo kosa la kwanza kwenye orodha. Kwa hiyo usimpe sifa siku ya kwanza kwa kuwa amewazidi nguvu wenzake. Mrudishe kwenye mikono na magoti kama mwingine yeyote. Halafu kuna saa. Kazi yao inaanza alfajiri na mwili unataka kulala mchana, hivyo mazoezi ya saa 9 hawaji, ya saa 11 jioni wanakuja. Tulibadilisha saa, tukapata wawili. Mmoja wao anatupa matumaini upande wa kushoto.

Mashine ya kusukuma si lazima iagizwe. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea sleji: mabomba mawili ya chini ya kuteleza, fremu ya wima, na mito ya sponji ngumu iliyofunikwa turubai. Urefu wa mito usipimwe kwa rula. Mwambie propu ainame vizuri, mweke fundi apime bega lake lilipo, na aache matundu mawili ya bolti juu na mawili chini ili kuipandisha na kuishusha. Uzito ni viroba vya mchanga, unaongeza kimoja kimoja. Wapo wanaofanya mazoezi kwa kusukuma Hiace iliyozima. Ni mazoezi mazuri sana ya kuwasha Hiace. Mtu anasukuma amesimama nusu, mikono imenyooka, hakuna pembe hata moja inayofanana na skramu.

Tuje kwenye upepo, ambao Jumamosi ulitudanganya. Anayeishi ufukweni anaujua: asubuhi hewa imetulia au inatoka nchi kavu, mchana jua likishapasha ardhi upepo wa ziwa unaanza kupanda, na alasiri unavuma wa kutosha kugeuza mwavuli. Mechi yetu ilianza saa 10. Tulishinda shilingi, tukachagua upande wa kuupa upepo mgongo kipindi cha kwanza. Kila mtu alipiga makofi.

Tunadhani sasa lilikuwa kosa, na si kwa sababu ya upepo wenyewe. Timu inayocheza dhidi ya upepo inakaa kwenye nusu yake. Mikwaju yake ya kujiokoa inarudi, inakabwa chini ya goli lake, na skramu nyingi zinapigwa ndani ya mita 22 zake, yaani mita 22 za mwisho kabla ya mstari wake wa goli, pale ambapo penalti moja ni trai. Ukiwa na benchi nono la mstari wa mbele, hilo unaweza kulibeba dakika ya 60. Ukiwa na nguzo moja, libebe mapema, dakika 40 za mwanzo, nguzo ikiwa nzima. Sisi tulifanya kinyume: tulitumia propu wetu wenye nguvu wakati ambapo wageni ndio walikuwa wanajitetea, tukaingia kwenye dakika ngumu na mtu wa kuazima.

Na hata huo upepo wa mgongoni hatukuutumia vizuri. Mara mbili mpira ulipigwa ukapita mstari wa nyuma kabisa wa eneo lao, nao wakachagua skramu pale tulipopigia, mita 40 nyuma. Upepo ukiwa nyuma yako mkwaju mrefu hauna faida. Unachotaka ni mpira unaodunda kabla ya kutoka. Ukiwa ndani ya nusu yako ukaupiga, ukadunda na kutoka pembeni ndani ya mita 22 zao, mrushaji ni wewe. Sheria hiyo ya 50:22 imeandikwa kama kwa ajili ya Mwanza, na sisi Jumamosi tulijaribu mara moja tu. Upigwe chini, ukiviringika, kuelekea kwenye mstari wa pembeni, si juu.

Dhidi ya upepo, mkwaju wa kuanzisha ndio huua. Lazima mpira ufike mita 10. Ukiupiga juu unasimama hewani kama mwewe, unarudi, unaangukia mita 8, na wapinzani wana haki ya kuchagua skramu katikati ya uwanja. Skramu tena! Upigwe chini na kwa nguvu, uende kama jiwe la manati, hata kama hakuna wa kuuwania. Mirusho ya pembeni nayo iwe kwa mtu wa mbele kabisa wa mstari. Mrusho mrefu wa kwenda nyuma unapeperushwa na refa anauona haukunyooka. Jua nalo: hapa linazama karibu na saa 12:50 jioni, hivyo mechi ya saa 10 inakwisha kukiwa bado kweupe, lakini kipindi cha pili anayetazama magharibi analipata machoni kila mpira wa juu. Fulubeki wetu, yule wa nyuma kabisa, alidondosha miwili. Hatumlaumu.

Uwanja. Mwanza ni Jiji la Miamba na jina hilo si mapambo. Mashimo ya nguzo za goli yanapaswa kwenda chini mita moja, na mara nyingi sentimita 40 sururu inalia. Ukifika hapo usiendelee kupigana na jabali, sogeza goli zima. Nguzo ziwe mita 5.6 kati yake, mwamba wa juu mita 3 kutoka ardhini. Mirunda inafaa kwa msimu mmoja au miwili, bomba la chuma linadumu. Bomba lizamishwe ndani ya bomba nene lililojengewa zege, ili uling'oe baada ya mechi. Bomba likilala uwanjani usiku kucha asubuhi utalikuta kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kila nguzo ivikwe godoro la sponji ndani ya turubai hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, na unene wake usitokeze zaidi ya sentimita 30 mbele ya mstari wa goli.

Kwa wanaochora juu ya kiwanja cha mpira wa miguu, hesabu ni hii: kima cha chini cha raga ni mita 94 kutoka mstari wa goli hadi mwingine, na mita 6 za kuwekea trai kila upande, jumla 106. Upana mita 68. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 kinakosa mita moja tu, nayo unaipata nyuma ya goli kama hakuna mtaro. Magoli ya mpira wa miguu yahamishwe, na yasiyohamishika yavikwe magodoro. Pembe mraba unaipata kwa kamba yenye mafundo: mita 6, mita 8, mita 10, pembetatu ikifunga una kona sahihi.

Usichore kwa chokaa ya ujenzi. Inaunguza ngozi, ikiingia jichoni ni dharura, na ikikutana na jasho kwenye goti lililochubuka mchezaji atakulaani kwa lugha zote. Rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa, brashi pana, na mtu mwenye subira. Kabla ya kuchora, watu 15 wapange mstari bega kwa bega na kutembea uwanja mzima wakiokota: changarawe kali, vizibo vya soda, vipande vya chupa, misumari. Jumamosi tulijaza ndoo moja na robo.

Changarawe ya huku inachuna magoti na viwiko, na hapo linakuja jambo ambalo kila msimu tunalirudia na kila msimu kuna wabishi. Baada ya mechi, ziwa liko pale, mwili unawaka, na vijana wanataka kujitosa. Hapana. Maji ya ukingoni yenye majani na konokono ndiyo makazi ya kichocho, na vimelea vyake vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, havingoji kidonda. Leta madumu ya maji ya bomba, lita 20 manne yanatosha timu moja kunawa vidonda kwa sabuni na kujimwagia. Aliyeshaingia ziwani msimu huu akapime na ameze dawa kwa maelekezo ya kituo cha afya, asijifiche.

Maji ya kunywa ni lita mbili kwa mchezaji kuanzia kupasha mwili hadi mwisho. Kwa wanaokakamaa misuli tunachanganya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha si vya kilima. Chakula kizito kiliwe muda wa saa tatu au nne kabla ya mechi. Ugali na sato saa 8 mchana kwa mechi ya saa 10 utauona tena uwanjani.

Kichwa kikigongwa na mtu akaonekana kuyumba, kurudia swali, kushika kichwa au kushindwa kutaja matokeo, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa. Harudi kwenye mechi kabla ya siku 21 kupita, na arudi hatua kwa hatua. Akilalamika shingo, hasogezwi: mmoja apige magoti nyuma ya kichwa chake na kukishika kwa mikono miwili kilivyo, mwingine apige simu, mechi isimame. Kumpakia mtu wa shingo kwenye bodaboda au kumkunja ndani ya bajaji ili awahishwe hospitali ya Bugando ni kummalizia. Bega la namba 3 wetu lilifungwa kwa kitambaa cha pembetatu na amepigwa picha. Hakuna kilichovunjika, lakini wiki nne hachezi.

Hizo wiki nne ndizo zinazoamua msimu. Ligi yetu ni timu 6, nyumbani na ugenini, mechi 10 kila mmoja. Tumecheza 5, tuna pointi 11: ushindi mara mbili ni 8, mara moja tulifikisha trai nne ikawa 1, na mara mbili tumefungwa kwa tofauti ndogo ikawa 2. Wa pili ana 16, na timu mbili za juu ndizo zinazokwenda fainali. Zimebaki tatu nyumbani na mbili ugenini. Tukishinda zote tatu za nyumbani na kufikisha trai nne kila mara, ni 15, tunafika 26. Hapo tunahitaji ugenini walau pointi moja moja ya kufungwa kwa heshima. Inawezekana kwenye karatasi. Ukituuliza tukiwa tumekaa kijiweni bila viongozi kusikia, tutasema nafasi ya tatu.

Sababu ya kwanza ni hiyo ya propu. Ya pili ni vyuo: robo ya kikosi ni wanafunzi wa Nyegezi na kwingineko, na likizo ikianza wanapanda mabasi kwenda kwao, mabeki watatu kwa mpigo. Anayepanga kikosi aombe ratiba za mitihani na likizo siku ya kwanza ya msimu, si siku anapoona watu 11 mazoezini. Ya tatu ni safari. Moja ya mechi za ugenini ni Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Ukiondoka Ijumaa jioni unashuka Jumamosi miguu imevimba, na skramu haisamehi miguu iliyovimba. Lazima kuondoka Alhamisi, ambayo maana yake ni malazi ya usiku mwingine na ruhusa ya kazini kwa watu wasio na likizo. Viti vya pembeni mwa njia ndani ya basi ni vya mstari wa mbele. Mabeki wakae dirishani wapige picha.

Mechi ijayo ni nyumbani, na tutaandikisha 15 tu pamoja na wa akiba mmoja, siyo 18. Tukiwa 16 sheria inataka wanne wa mstari wa mbele, na wanne waliofundishwa tunao iwapo huka wetu wa zamani, aliyestaafu mwaka jana, atakubali kukaa benchi. Amesema atakuja Jumanne saa 11 kuangalia kwanza. Yule kijana wa Mwaloni bado wiki tatu. Namba 3 atakuwa yuleyule wa kadi ya njano, na Jumanne atafanya jambo moja tu dakika 40 nzima: kushika nje, kiwiko juu, kukaa, kuachia. Tukishinda shilingi, tunaanza dhidi ya upepo.